Stika ya Manjano Ndani ya Deki

Deki zote zilizopita kwenye banda la baba mdogo zilikuwa na maandishi yale yale mgongoni. CLASS 1 LASER PRODUCT, kisha chini yake maneno ambayo hatukujua ni ya wapi: LUOKAN 1 LASERLAITE. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ni Kifini. Ukifungua kifuniko unakutana na stika nyingine, ya manjano, ina pembetatu nyeusi na ndani yake kitu kama nyota yenye mwale mmoja uliorefuka kuliko mingine. Hiyo ilisema kwamba kifuniko kikifunguliwa na swichi za usalama zikifeli au zikichezewa, humo ndani mna miale ya leza isiyoonekana, jiepushe nayo.

Banda lilikuwa Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nikitoka shule nilikuwa napitia hapo kumsaidia baba mdogo mpaka magharibi. Wateja wetu wakubwa walikuwa wenye mabanda ya video. Deki zao zilifanya kazi tangu asubuhi hadi usiku, vumbi likajaa kwenye lenzi, picha ikaanza kuganda katikati ya mapigano na watazamaji wakadai warudishiwe hela zao. Kazi yangu ilikuwa kufungua skrubu, kupuliza vumbi, na kufuta lenzi kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo. Stika ya manjano tuliibandua kwanza, maana mara nyingi ilikaa palepale tunapotaka kufungua. Tulikuwa tunazibandika kwenye mguu wa meza. Baada ya mwaka mguu mzima ulikuwa wa manjano.

Sikuwahi kumuuliza zinasema nini. Niliziona ni maandishi ya kiwandani, kama namba ndefu zinazochapwa chini ya redio. Deki inacheza sinema. Inaweza kumdhuru nani?

Lakini baba mdogo alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja. Ili kujua kama lenzi ni nzima, unawasha deki ikiwa wazi bila CD ndani, na lenzi inapanda na kushuka mara mbili tatu ikitafuta sahani. Kwenye nafasi hiyo fupi, ukiangalia vizuri, utaona kitone chekundu kama punje ya ulezi. Kikiwepo, lenzi inawaka. Kisipokuwepo, imekufa, mteja atafute nyingine. Siku ya kwanza niliinamisha kichwa juu ya deki nichungulie kama mtu anayechungulia kisimani. Alinivuta kwa ukosi wa shati.

"Usiangalie kwa juu. Tazama kwa ubavu."

"Kwa nini, baba mdogo?"

"Mimi nilifundishwa hivyo. Na wewe nakufundisha hivyo."

Hakusoma stika hata moja kati ya zile. Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya vipuri. Lakini onyo lilikuwa limemfikia kwa njia nyingine, kutoka kwa fundi wake, naye kwa fundi wake.

Leo mimi ni fundi wa vifaa tiba, na kila wiki napita kwenye kliniki ya macho ambako kuna mashine ya leza. Nimesomea mambo haya, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuukumbuka ule mguu wa meza. Leza hupangwa kwa madaraja, kuanzia daraja la 1 mpaka la 4. Daraja la 1 ni salama katika matumizi ya kawaida. La 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, na usalama wake umeegemezwa kwenye jambo moja: kwamba mtu mwanga mkali ukimpiga machoni atapepesa au atageuza uso ndani ya robo ya sekunde. La 3 lina ngazi mbili. 3R kwa mwanga unaoonekana huishia miliwati 5, na 3B huenda hadi miliwati 500. Juu ya hapo ni daraja la 4, ambalo linaunguza ngozi na linaweza kuwasha moto.

Kitu ambacho sikukielewa utotoni ni kwamba daraja la 1 mgongoni mwa deki halisemi leza iliyomo ndani ni dhaifu. Linasema boksi ni zuri. Chukua mashine ya kuchoma DVD iliyo ndani ya kompyuta. Nayo imeandikwa daraja la 1, ilhali kidaiodi, kile kipande kidogo kinachotoa leza ya kuchoma sahani, kinaweza kutoa mwanga wa daraja la 3B. Kilichoifanya iwe ya daraja la 1 ni bati, kifuniko, na swichi ndogo inayokata umeme mlango ukifunguliwa. Mtu alikaa akafikiri mwanga huu unaweza kutokea wapi, akaziba kila mahali, kisha akaandika mgongoni kwamba amemaliza. Yale maandishi niliyoyaona hayana kazi yalikuwa hati ya kazi iliyofanyika.

Na ile stika ya ndani, ya manjano? Hiyo nayo ina mtu wake. Mama aliyenunua deki dukani na kuiweka juu ya kabati lenye kitambaa cha kufumwa hataiona maisha yake yote. Imewekwa chini ya kifuniko kwa ajili ya mtu mwenye bisibisi. Inataja swichi zikichezewa, na sisi tulikuwa tunazibana kwa njiti ya kiberiti ili deki iwake ikiwa wazi. Kule kiwandani, mtu ambaye hajawahi kufika Morogoro alikuwa amemfikiria mvulana wa banda letu akiinamisha kichwa. Alimwandikia. Nasi tukabandua barua yake tukaibandika kwenye mguu wa meza.

Nimelikumbuka sana hilo kila ninapowasikia watu wakizicheka tahadhari. Chupa ya dawa ya mbu imeandikwa usinywe. Pasi imeandikwa usinyooshe nguo ukiwa umeivaa. Tunacheka kwa sababu onyo halituhusu sisi, leo, hapa tulipokaa. Lakini onyo lina mtu wake, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto, au mgeni wa kazi, au mtu aliyechoka saa nane ya usiku.

Mfano unaochekwa kuliko yote ni kikombe cha kahawa kilichoandikwa kwamba kahawa ni ya moto. Watu husimulia kwamba mwanamke mmoja Marekani alijimwagia kahawa akapewa mamilioni. Mwanamke huyo aliitwa Stella Liebeck, alikuwa na umri wa miaka 79, na jambo lilitokea Albuquerque mwaka 1992. Alikuwa abiria kwenye gari lililosimama. Kahawa ya McDonald's ilikuwa ikiuzwa kwenye nyuzijoto kati ya 82 na 88 hivi za Selsiasi, joto ambalo linaunguza ngozi mpaka ndani kwa sekunde chache. Alilazwa siku nane, akapandikizwa ngozi. Aliomba dola 20,000. Akapewa jibu la dola 800. Mahakamani ikaonekana kwamba kampuni ilikuwa imeshapokea taarifa zaidi ya 700 za watu kuungua katika miaka kumi. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia mwaka 1994, jaji akaipunguza sana, na mwisho pande mbili zikamalizana nje. Na kikombe kile kilikuwa na tahadhari tayari, kwa herufi ndogo. Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosekana kwa maandishi. Maandishi yalikuwepo mahali ambapo kazi yenyewe, ya kupunguza joto la kahawa, haikufanyika.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema kuhusu leza. Kwenye deki kazi imefanyika na maandishi yanaonekana ya bure. Kuna kifaa kingine ambacho kazi haikufanyika kabisa, kimebaki na maandishi peke yake, na maandishi yenyewe ni ya uongo.

Nianze na jicho, maana bila jicho hili halieleweki.

Watoto wengi tuliwahi kupata lenzi mahali fulani, ya darubini mbovu au kioo cha kukuzia, tukaikusanyia jua juu ya nyasi kavu mpaka zikatoa moshi. Jichoni mwako lenzi hiyo unayo. Kazi yake ni kukusanya mwanga uliotoka mbali na kuuweka kwenye nukta moja nyuma ya jicho, kwenye utando uitwao retina. Mwanga wa balbu hutawanyika kila upande, kwa hiyo unaoingia jichoni ni kidogo na taswira yake kwenye retina ina upana. Mwanga wa leza huja ukiwa umeshikamana, karibu sambamba, na lenzi ya jicho huukusanya kwenye nukta ndogo kuliko upana wa unywele. Kutoka kwenye mboni hadi kwenye nukta hiyo, ukali wake unaweza kuongezeka mara 100,000. Ndiyo maana miliwati 1, kiasi ambacho hakiwezi kupasha moto hata tone la maji ukaligundua, kikifika kwenye retina kinaweza kuwa kikali kuliko taswira ya jua lenyewe katika ile nukta.

Na retina haina neva za maumivu. Ukigusa sufuria ya moto mkono unaruka kabla hujafikiri. Retina ikiungua hupigi kelele. Unaona mng'ao, kisha kivuli, unafikicha jicho, unasubiri kipite. Kinachoungua hapo hakioti tena kama ngozi. Tena ukilitazama jambo moja kwa moja, unaliweka katikati ya retina, pale pale unapotumia kusoma, kuchomeka uzi kwenye sindano, na kutambua uso wa mtu.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi kwenda Rujewa, Mbarali, kuona jua likipatwa na kubaki pete. Siku zile onyo la kutotazama jua kwa macho makavu lilisikika redioni, shuleni na misikitini, kwa Kiswahili, likirudiwarudiwa, na sikumsikia mtu akilicheka. Wazee walikuwa na lao, watoto wakatengenezewa matundu kwenye karatasi waone kivuli cha pete ardhini. Onyo likikufikia kwa lugha yako na kutoka kwa mtu unayemjua, unalishika.

Kupatwa kwa jua ndiko kulikozaa tiba ninayoihudumia. Mwaka 1945, baada ya jua kupatwa mwezi Julai, daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath aliona macho yaliyoungua kwa kulitazama. Aliona kovu limejishikilia pale pale, dogo, safi, na akawaza: kama mwanga unaweza kutengeneza kovu ndani ya jicho bila kisu, kwa nini usitumike kugandisha retina inayobanduka? Alianza na jua lenyewe, akilielekeza kwa vioo, kisha akahamia kwenye taa kali za umeme. Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza duniani, California, Mei 1960, madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuinyakua. Mwaka uliofuata ilishatumika ndani ya jicho la mgonjwa New York.

Mashine yetu kliniki hutoa mwanga wa kijani wa nanomita 532, huo ukiwa urefu wa mawimbi, namba inayotambulisha rangi ya leza. Wagonjwa wengi wanaokaa mbele yake wana kisukari, mishipa midogo ya nyuma ya jicho imeanza kuvuja au kuota ovyo. Daktari hupiga alama moja moja, kila moja isiyozidi sehemu ya kumi ya sekunde, na jicho moja linaweza kupigwa zaidi ya alama 1000, kwa awamu. Katikati ya retina hapaguswi hivi hivi. Mlango hufungwa. Kila aliyemo humo, isipokuwa mgonjwa, ana kinga: daktari analindwa na kichujio ndani ya darubini, na muuguzi na mimi tuna miwani ya rangi ya chungwa iliyoandikwa pembeni inazuia urefu gani wa mawimbi. Mashine haiwaki bila ufunguo. Ukikanyaga pedali kabla daktari hajaiweka tayari, haifanyi kitu. Nje ya mlango pana taa nyekundu. Ni ya daraja la 4, na kwa miaka yote niliyoihudumia haijamdhuru mtu.

Sasa nije nyumbani.

Mwaka juzi wakati wa likizo mpwa wangu, mwenye miaka 11, alikuja kukaa kwangu wiki mbili. Siku ya tatu nilimwona anasoma huku amepinda shingo kama kuku anayesikiliza. Nikamwambia akae sawa. Akakaa sawa, baada ya dakika mbili shingo ikapinda tena.

"Mjomba, nikitazama neno, herufi ya katikati inakimbia."

"Tangu lini?"

Akanyamaza. Kwa mtoto yule, kunyamaza ni jibu. Nikamwacha mpaka tulipokula, nikamuuliza tena taratibu, ndipo akaniletea tochi. Kalamu nene nyeusi ya bati, ina kijiufunguo nyuma na kofia ya mbele inayotawanya mwanga kuwa nyota nyingi. Mama yake alimnunulia mezani kwa machinga, bei ya soda chache. Kofia walishaitoa. Walikuwa na shindano, yeye na wenzake wanne: kila mmoja anatazama tochi kwa zamu, atakayepepesa ameshindwa.

Nilikaa kitambo sikusema neno. Daraja la 2 lote limejengwa juu ya ile robo ya sekunde ya kupepesa, na hawa watoto walikuwa wameugeuza ushujaa wa kutopepesa kuwa mchezo. Yeye alikuwa ameshinda.

Kwenye tochi palikuwa na stika ndogo ya manjano, pembetatu ile ile, nyota ile ile yenye mwale mrefu. Ilikuwa kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo niliziona tu baada ya kuipiga picha kwa simu na kuikuza. Ilisema nguvu yake haizidi miliwati 5. Na rangi ya mwanga iliandikwa pia: 532. Kijani kile kile cha kliniki.

Daktari alimpima. Picha ya tabaka za retina ilionyesha mstari mmoja ambao ungetakiwa kuwa mnyoofu umekatika katikati, kama uzi uliovutwa ukaachia. Aliniambia mambo niliyoyajua na ambayo sikutaka kuyasikia: hakuna tone la dawa, hakuna upasuaji, wa umri wake huweza kurudi kiasi, tusubiri. Dada yangu kwenye simu alirudia swali moja tu. "Si lilikuwa limeandikwa? Si lilikuwa na ile alama ya hatari?" Alikuwa ameiona alama. Aliichukulia kama pambo la kiwandani. Sikuwa na haki ya kumlaumu, mimi niliyepamba mguu wa meza nazo.

Ile namba 5 ndiyo iliyoninyima usingizi. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilijaribu tochi 122 za leza na mwaka 2013 ikatangaza matokeo: karibu asilimia 90 ya zile za kijani na kama asilimia 44 za nyekundu hazikukidhi kanuni za usalama za nchi hiyo. Nyingi zilitoa nguvu kupita kiasi kilichoandikwa. Na kijani kina siri yake. Tochi nyingi za kijani za aina hii, kidaiodi cha ndani yake hakitoi kijani. Kidaiodi hutoa mwanga usioonekana wa nanomita 808, huo hukiamsha kipande cha fuwele kitoe mwingine usioonekana wa 1064, na fuwele ya pili huukunja huo ukawa 532, ndio kijani tunachokiona. Mwanga usioonekana unaobaki njiani unatakiwa uzuiwe na kichujio kidogo mdomoni. Kichujio kinagharimu hela. Kwenye tochi ya bei ya chini ndicho cha kwanza kuachwa.

Mwaka 2010 watafiti wa NIST walitoa taarifa ya tochi tatu za kijani za bei ya chini walizozinunua. Moja ilitoa kijani hafifu, ya kumfanya mtu aseme hii ni mbovu, lakini ilikuwa ikitoa karibu miliwati 20 za mwanga usioonekana. Hapa ndipo onyo la ndani ya deki, lile la miale isiyoonekana, lilipoingia akilini mwangu kwa mara ya kwanza kikamilifu. Jicho hupepesa kwa sababu limeona. Lisichokiona halina namna ya kukikwepa, na lenzi hukikusanya kwenye retina vilevile.

Walieleza pia namna ya kuupima mwanga huo kwa vitu vya nyumbani: kamera, rimoti ya TV, na CD. Mafundi wa kwetu nusu ya hilo wanaijua siku nyingi. Rimoti ikisumbua, unaielekeza kwenye kamera ya simu, unabonyeza; ukiona taa yake inamemeta rangi ya zambarau ambayo jicho halioni, rimoti ni nzima. CD kazi yake ni kutenganisha rangi, kijani kuelekea kule, kisichoonekana kuelekea huku. Niliifanya jioni moja kazini, mlango umefungwa, miwani usoni, tochi imebanwa kwenye kishikio na si mkononi, kwa CD ya zamani ya taarabu. Usijaribu bila miwani sahihi. Mwanga unaorudi kutoka kwenye CD ni ule ule. Kwenye kioo cha simu palitokea nukta za kijani, na kando yake, mahali ambapo kwa jicho palikuwa ukuta mtupu, nukta nyeupe zenye uzambarau, kali.

Nilizima nikakaa chini. CD na leza, kama zamani Morogoro, ila safari hii hapakuwa na boksi.

Watu wengi huijua tochi hii uwanjani. Tarehe 29 Machi 2022, Senegal na Misri wakigombea kwenda Kombe la Dunia, Mohamed Salah alisimama kupiga penalti uso wake ukiwa wa kijani kibichi, miale mingi ikimjia kutoka jukwaani. Mpira ulipaa juu. FIFA iliitoza Senegal faranga 175,000 za Uswisi kwa makosa ya siku ile, leza ikiwemo. Kwa umbali wa jukwaani mwanga huwa umeshapanuka, hatari kubwa ni kumpofusha mtu kwa muda. Kwa mchezaji muda huo ni penalti. Kwa rubani muda huo ni kutua. Nukta iliyokuwa ndogo kama ncha ya kalamu mkononi mwako, ikifika angani imekuwa duara pana, inagonga kioo cha ndege, mikwaruzo ya kioo inautawanya, chumba kizima kinakuwa kijani usiku. Marekani peke yake taarifa za ndege kumulikwa zilifika 13,304 mwaka 2023, ingawa tangu 2012 sheria yao inaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano. Nikipita jioni Kipawa au Vingunguti, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ndege zikishuka karibu na mapaa, watoto wakiwa nje na tochi zao, moyo unanidunda.

Hata majeshi yalikubaliana. Vienna, mwaka 1995, mataifa yaliandika itifaki inayokataza kutumia vitani leza zilizotengenezwa makusudi ili kupofusha moja kwa moja. Askari kwa askari, wamesema hapana.

Nilirudi kwenye meza ile ya machinga. Sikwenda kugombana. Kijana alinisalimia vizuri, akanionyesha tochi kwa kumulika ghorofa ya mbali, akasifia kwamba inafika kilomita. Nikamweleza habari za mpwa wangu, nikamwonyesha picha ya retina kwenye simu. Aliitazama muda mrefu. Akaniambia ana mtoto wa miaka minne na tochi kama hiyo iko nyumbani, mtoto anakimbizana na paka kwa hiyo. Kisha akaikuza ile stika kwa simu yake, kama nilivyofanya mimi, akasoma kwa taabu, akauliza: "Sasa kaka, hii inasemaje hasa?"

Swali lake limenikaa. Amekuwa akiuza maandishi asiyoweza kuyasoma, kwa wazazi wasioweza kuyasoma, na hata wangeyasoma wangepewa namba isiyo ya kweli. Nilimwandikia kwa peni nyuma ya kipande cha boksi, tukajaribu maneno pamoja. Tulianza na "Hatari: leza", akasema hapana, hiyo watu watadhani ni jina la tochi. Tukafika kwenye hii: USIMULIKE JICHO LA MTU. MWANGA HUU UNAUNGUZA JICHO NA HUTASIKIA MAUMIVU. SI YA MTOTO. Alikisimamisha kile kipande mbele ya tochi. Sijui kama bado kipo. Nilipopita mara ya mwisho alikuwa amehamia upande mwingine wa barabara na anauza chaja.

Kliniki nako nilibadilisha. Mlangoni tulikuwa na bango la kiwandani lenye daraja, urefu wa mawimbi na nguvu, yote kwa Kiingereza. Sijaliondoa, maana mafundi wenzangu wanalihitaji. Chini yake nimeweka letu: LEZA INAWAKA. SUBIRI HAPA, UTAITWA. Bibi mmoja alilisoma kwa sauti, akaniuliza leza ni nini, nikakaa naye kwenye benchi mpaka taa nyekundu ilipozimika.

Tangu mwaka juzi mpwa wangu anapimwa kila baada ya miezi michache. Kipimo cha nyumbani ni karatasi yenye miraba midogo kama ya daftari la hesabu na nukta nyeusi katikati. Unafunika jicho moja, unatazama nukta, unasema miraba inaonekanaje. Mwanzoni alikuwa anasema katikati pamelika, kama karatasi iliyoguswa na kiberiti. Mwezi uliopita nilimshikia karatasi dirishani, kwenye mwanga mzuri, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Mistari imenyooka, Mjomba. Karibu yote."

"Na nukta?"

Alitazama sana. Kisha, polepole, shingo ikapinda.